Tulipokuwa Tunakula na Kuku

Wengine hurudishwa utotoni na harufu ya mandazi, ama mvua ikigonga mabati. Mimi, rafiki yangu, nilirudishwa na kiungulia. Usinicheke bado.

Ilikuwa mchana mmoja mwezi uliopita, hapa Nakuru, kwa duka la chakula cha mifugo ninakofanya kazi. Nilikuwa nimekula chipsi za haraka nyuma ya kaunta, zile zinazoogelea kwa mafuta, nikashushia na chai ya rangi, halafu mteja akaingia akitaka gunia la chakula cha ng'ombe. Nikainama kulinyanyua. Hapo ndipo ile kitu ikapanda, moto kutoka tumboni, polepole, mpaka kooni, na mdomoni ladha kama nimelamba betri. Mteja mwenyewe, mzee fulani wa kofia ya manyoya, akaniangalia akasema, "Pole mami. Hiyo ni kiungulia. Legeza kwanza hiyo aproni, umejifunga kama punda."

Nikalegeza. Na vile kamba ilivyoachilia tumbo, sijui nikwambieje, nilisikia harufu ya moshi wa kuni na maziwa yaliyochemka. Nikajikuta niko Olenguruone, niko mdogo, jua linataka kuingia nyuma ya msitu, na kwetu tumeshakula chakula cha jioni, sisi peke yetu kijijini kote.

Wacha nianzie mwanzo.

Mama yangu alikuwa anafanya kazi kwa mashamba ya maua, huko chini karibu na Longonot, kwa hivyo mimi nililelewa na wazazi wake. Nyanya tulimwita kogo, vile watu wa kwetu huita, na mume wake nilimwita babu. Nyumba yao ilikuwa mgongoni mwa kilima, mbele kuna shamba la viazi, nyuma kuna miti ya saipras inayopiga mluzi upepo ukija. Chini kabisa kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito kulikuwa na mteremko wa nyasi ambapo ng'ombe walishinda.

Jioni kogo alikuwa anasimama kwa kona ya ua, anaweka mkono mmoja nyuma ya sikio, anaita. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ndefu, nyembamba, inayovuka lile bonde lote bila kushuka. Ng'ombe wetu mkubwa aliitwa Krismasi kwa sababu alizaliwa siku hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua kichwa. Akishainua kichwa, wengine wanamfuata, wanapanga laini, wanavuka kijito, wanakuja nyumbani wenyewe. Mimi niliamini kwamba kuna kamba isiyoonekana inatoka mdomoni mwa kogo inawafikia shingoni. Nilikuwa nainama nisiikanyage.

Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani. Kanisa letu la mbao halikuwa na kinanda wala spika. Pasta alikuwa anamtazama kogo tu, na kogo anaanza, na watu wote wanaingia. Na katika mwaka mzima kulikuwa na wimbo mmoja ambao ulikuwa wake kama vile jina lilivyo la mtu: ule wa siku ya mavuno, watu wakiingia na mahindi na viazi na kuku kwapani. Mama yake aliuanzisha kabla yake. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kujaribu.

Halafu ile sauti ikaanza kupotea.

Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Kogo alikuwa akiamka anakohoa na kusafisha koo kama trekta inayokataa baridi. Anatema mate, anasema mdomo ni mchungu. Baadaye ikawa mpaka mchana. Mwishowe jioni moja alisimama pale kwa kona, akaweka mkono nyuma ya sikio, akaita, na sauti ikakatikia kwa viazi. Krismasi hakuinua kichwa. Kogo akajaribu tena. Akanigeukia polepole, akaniambia, "Enda uwalete, mami." Nilienda nikikimbia, na nilipoangalia nyuma alikuwa bado amesimama na mkono nyuma ya sikio, kama mtu anayengoja jibu.

Kila mtu alikuwa na dawa. Jirani yetu wa upande ule mwingine wa ua, mama mmoja mnene wa mdomo mwepesi, rafiki wa kogo tangu wakiwa wasichana, alisema atafune kabichi mbichi. Babu alisema viazi vibichi. Kogo akalamba jivu, akalamba mpaka lile jiwe la chumvi la ng'ombe, na Krismasi akimwangalia kwa mshangao. Lakini dawa aliyoiamini kuliko zote ilikuwa maziwa. Wewe unajua watu wa kwetu na maziwa. Mtoto akianguka, maziwa. Mgeni akifika, maziwa. Kwa hivyo kila siku kabla ya kulala alikuwa anakunywa kikombe kikubwa cha maziwa ya moto, yale ya Krismasi, yenye utando wa mafuta mzito unaweza kuulalia. Moto unatulia kidogo, anashusha pumzi, anasema, "Unaona?" Halafu asubuhi sauti imezidi kukwaruza. Dawa ikaongezwa, ikawa vikombe viwili.

Viazi vikachimbwa, mahindi yakaanza kukauka, na siku ya mavuno ikawa inakuja. Hapo ndipo kogo alikubali kwenda zahanati. Nadhani kama ni tumbo tu lingekuwa linauma angelivumilia mpaka leo. Alienda kwa sababu ya wimbo.

Nilimsindikiza. Sista wa zahanati alikuwa mwanamke mchangamfu wa miwani, na kitu cha kwanza alichofanya, hata kabla ya kuuliza, ni kuangalia leso ambayo kogo alikuwa amejifunga kiunoni juu ya sweta, fundo limekaza vile wamama hufunga wakienda shamba.

"Mama, hii umefunga tumbo ama umefunga mzigo wa kuni?"

Kogo akacheka kwa kukwaruza. Sista akailegeza mwenyewe. Akamkagua koo, akaanza maswali.

"Unakula saa ngapi jioni?"

"Baada ya taarifa ya habari. Mzee wangu hawezi kula kabla ya habari."

"Halafu?"

"Halafu nalala. Sasa unataka nifanye nini usiku, nicheze?"

Sista akasema dawa atampa, na akimaliza arudi aonwe tena, lakini dawa peke yake ni kama kuzima moto huku unaongeza kuni. Ile asidi ya tumbo ndiyo inapanda usiku na kuchoma koo, na hiyo ndiyo inakula sauti. Halafu akasema kitu ambacho sijasahau. "Mama, kibuyu cha maziwa kikijaa, unakilaza?" Kogo akasema hapana, kitamwagika. "Sasa mbona wewe unajilaza ukiwa umejaa?"

Njia yote ya kurudi kogo alitembea mbele yangu akiangalia chini. Alikuwa ameosha na kubeba vibuyu maisha yake yote, na nadhani alikuwa anawaza kwamba yeye pia ni kimoja.

Basi mambo yakabadilika kwetu, na hapa ndipo ninapotaka ukae karibu, kwa sababu huo ndio msimu ninaouota mpaka leo.

Ng'ombe wakaanza kukamuliwa mapema. Chakula cha jioni kikawa kinaliwa jua likiwa bado juu ya miti. Ugali kidogo, mboga za kuchemshwa zikiwa na maziwa kidogo badala ya kukaangwa kwa mafuta na nyanya nyingi, kipande cha malenge ama viazi vya kuchemsha. Kogo alijipakulia nusu ya zamani, akiona njaa baadaye anakula ndizi. Pilipili ikahamia kwa jirani. Kikombe cha maziwa cha kulalia kikakoma. Leso ikafungwa kwa fundo legevu hata ikawa inaanguka kwa viazi. Na akitaka kuokota kitu alikuwa anachuchumaa, hainami tena kama jembe.

Babu ndiye aliyeteseka. Alisema mtu mzima hali chakula jua likiwa linamwangalia. Siku za kwanza aliketi mezani amekunja mikono, redio yake ikiwa imezimwa kwa sababu hata habari zenyewe zilikuwa hazijafika. Lakini aliona kogo anakula peke yake, akakohoa, akavuta sahani. "Nipe basi," akasema. "Nitakula, lakini nitajifanya ni chakula cha mchana kimechelewa."

Halafu kukawa na mambo ya kitanda. Sista alikuwa amesema upande wa kichwa uinuliwe, na si kwa mito, kitanda chenyewe. Babu alishuka kijitoni akachagua mawe mawili mapana, akayachonga kwa patasi mpaka yakakaa sawa, akayatia chini ya miguu ya kitanda. Asubuhi iliyofuata tulimkuta amejikunja upande wa chini, blanketi liko shingoni, miguu iko nje.

"Nimezaliwa mlimani," akasema. "Nikalima mlimani. Sasa hata kulala nalala mlimani."

Kogo alicheka mpaka akashika koo. Lakini yale mawe hayakuondolewa. Babu alijifunza kulala akiwa ameshikilia ukingo wa kitanda, kama mtu aliye juu ya lori.

Kijiji kilitushangaa. Wakati moshi wa nyumba nyingine ulikuwa ndio unaanza kutoka, sisi tumeshaosha vyombo. Watoto wenzangu waliniimbia njiani, "Kwa kina fulani wanakula na kuku, wanalala na kuku, kesho watataga." Mimi nilienda nyumbani nikilia. Kogo akanifuta na ile leso. "Waambie kuku hawana kiungulia," akasema kwa ile sauti yake ya msumeno, na kesho yake niliwaambia hivyo hivyo.

Lakini kitu kilichokuwa kitamu, rafiki yangu, ni kwamba baada ya kula hatukuruhusiwa kulala. Chakula lazima kishuke. Kwa hivyo tulitembea. Kogo mbele, mimi katikati, babu nyuma na fimbo yake akijifanya ametoka kuangalia mpaka wa shamba. Tulifuata njia ya mgongo wa kilima, mahali ambapo upande mmoja unaona majani ya chai yamelala kama zulia, na upande mwingine ukungu unapanda kutoka bondeni, mweupe, hauna haraka. Kulikuwa na mwanga wa aina yake saa hiyo. Mimi nilikuwa sijawahi kuuona, kwa sababu watu wote saa hiyo wako jikoni wanapuliza moto machozi yakiwatoka. Mwanga wa rangi ya siagi. Ulikalia vitu taratibu: mgongo wa kondoo, mabati ya kanisa, nywele za kogo zilizotoka chini ya kitambaa. Nilidhani Mungu huutoa saa hiyo akijua watu hawaangalii, na sisi tumemfumania.

Tulikuwa hatuongei sana. Kogo alikatazwa kupiga kelele, na hata kunong'ona alikatazwa, sista alisema kunong'ona pia kunachosha koo. Kwa hivyo alikuwa anaongea polepole tu, maneno machache, kama mtu anayetoa mayai kwenye kiota. Alinionyesha ni ndege gani anayelala mwisho. Aliniambia mama yangu akiwa mdogo alipenda kukaa kwa jiwe lile pale. Katika nyumba ya zamani, ile ya kula baada ya habari, kogo hakuwahi kuwa na nafasi ya kuniambia hayo. Sasa jioni ilikuwa imekua kubwa, ina chumba kingine ndani.

Shida ilikuja kwa chai.

Si unajua kwetu mtu haulizwi kama atakunywa chai. Inamiminwa. Na ni chai ya majani mengi, maziwa mengi, imechemka mpaka inashika kikombe. Kuikataa ni kusema una neno na nyumba. Na sista alikuwa amesema chai ya nguvu ipunguzwe, hasa jioni. Jirani yetu alipomwalika kogo Jumapili baada ya kanisa, kogo akafunika kikombe kwa kiganja na kuomba maji ya moto yenye maziwa kidogo.

Jirani akabaki ameinua birika. "Hayo ni maji ya kuoshea kibuyu," akasema.

"Ndiyo hayo yananifaa."

"Sawa. Chai yangu imekuwa chungu siku hizi." Na akarudisha birika jikoni kwa kishindo.

Neno likatembea. Kwenye kikundi cha wamama, jirani akasema kuna watu ambao sauti imeenda na badala yake wameota maringo. Akasema siku ya mavuno haiwezi kungoja koo la mtu mmoja, kwamba kama hakuna wa kuanzisha, yeye ataanzisha. Kogo aliletewa maneno hayo na kila aliyepita. Jioni hiyo tulitembea mpaka mbali kuliko siku zote, na babu akachoka akaketi kwa jiwe la mama.

Mavuno yalikuwa yamebakisha siku chache ukungu ulipotushukia tukiwa njiani, mzito kabisa, mpaka kijito kikapotea. Tulikuwa tunatoka kwa mgongo wa kilima tukasikia jirani ng'ambo anaita. Ndama wake alikuwa amekata kamba na kufuata ng'ombe wetu waliobaki malishoni siku hiyo, na sasa hakuna aliyeona hata mkono wake. Jirani alikuwa anaita na sauti inamezwa. Alikuwa anakaribia kulia, na wewe unajua korongo la kijito lile, ndama akiteleza humo ni basi.

Kogo akasimama. Akalegeza leso, hata kile kidogo kilichobaki kukaza. Akaweka mkono nyuma ya sikio.

Haikuwa sauti ile ya zamani. Hiyo ya nyuzi nyembamba haikuja. Ilikuja nyingine, ya chini, nene, ina joto, na iliingia ndani ya ukungu bila kupigana nao. Babu akanishika bega. Tukangoja. Halafu kutoka kule tusikokuona, Krismasi akajibu. Kogo akaita tena, na tena, taratibu, hadi tukasikia kwato kwenye maji, na Krismasi akatoka kwa ule weupe kama anazaliwa upya, wengine nyuma yake, na mwisho wa laini kabisa ndama wa jirani, kamba ikiburuzika nyuma yake.

Jirani alimfuata ndama wake hadi kwetu. Alisimama mlangoni, miguu matope, akizungusha kamba ya ndama mkononi. Kogo akamwambia aketi. Babu akammiminia chai. Jirani akaangalia kikombe, akasema, "Mimi pia nipe yale ya kuoshea kibuyu. Nionje ni nini imekuwa tamu hivyo." Akaonja. Akakunja uso. "Aki ni mbaya," akasema, na walicheka hao wawili, wanawake wazima, mpaka kuku wakaamka.

Siku ya mavuno watu walijaa hadi nje. Pasta akamtazama kogo kama kawaida, lakini safari hii kwa wasiwasi, na vichwa vikageuka kidogo upande wa jirani. Jirani alikuwa ameketi kando ya kogo. Akamgusa goti. Kogo akasimama, akaanza wimbo chini, chini kuliko mtu yeyote alivyowahi kuusikia, kama mlango mzito unaofunguliwa polepole. Watu walisita. Kwa muda mfupi nilidhani hawataingia. Halafu ikaingia sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya babu, ambaye kanisani alikuwa anafungua mdomo kwa miayo peke yake. Kumbe miaka yote wimbo ulikuwa umekaa juu sana kwa wazee, hawaufikii. Wakaingia wote, wale wa viti vya nyuma wenye makoti ya zamani, wakiimba huku wakitazamana kama watu waliokaribishwa nyumba ambayo wamekuwa wakipita nje yake. Na pale juu, mahali pa kogo pa zamani, jirani akapachukua, akaitikia kwa sauti yake nyembamba ya kelele. Ilikuwa haijanyooka. Hakuna aliyejali.

Kogo hakuipata tena ile sauti ya kwanza, na hakuitafuta.

Sasa kogo na babu wamelala kule juu, chini ya saipras, kogo alitangulia na babu akafuata. Nyumba ilibomolewa, mjomba akajenga ya mawe, ina stima na televisheni kubwa, na chakula kinaliwa baada ya habari, vile vile kama zamani. Ng'ombe wanafungiwa ndani, wanaletewa nyasi, kwa hivyo hakuna wa kuitwa. Nilipoenda mara ya mwisho nilitembea mgongo wa kilima saa ile. Mwanga bado unakuja. Njia yenyewe imefunikwa na majani, kwa sababu hakuna miguu.

Lakini nyuma ya nyumba mpya, kwa nyasi, niliyakuta mawe mawili mapana, alama za patasi bado ziko. Mjomba aliniuliza ninataka kuyafanyia nini. Nikamwambia ni ya kitanda. Akatikisa kichwa, akanisaidia kuyafunga kwa gunia.

Kwa hivyo hapa Nakuru, baada ya ile siku ya chipsi, nimeanza. Duka likifungwa naenda moja kwa moja jikoni, nakula wakati majirani wa ploti bado wananunua sukuma wiki. Juzi mmoja akachungulia akasema, "Niaje, siku hizi unakula na kuku?" Sijui alitoa wapi maneno hayo. Nilitaka kumkumbatia. Halafu natembea, mpaka mahali ambapo nyumba zinaachana kidogo na ziwa linaonekana, nangoja ule mwanga wa siagi, na ukikawia siukasirikii.

Mawe nimeyaweka chini ya miguu ya kitanda, upande wa juu. Kiungulia kimepungua. Mwanzoni nilikuwa nateleza mpaka chini kama babu, sasa nimezoea. Nalala kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, kama Krismasi ng'ambo ya kijito, akisikia ni kama kuna mtu anaita.